Udugu wa Chuo na Kazi Isiyo na Mshahara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Fraterniti za Marekani

Nilizaliwa Tanga, nikaja Marekani kusoma, nikaingia kwenye fraterniti nikiwa mwaka wa pili, na mpaka leo sijatoka. Kwa miaka kadhaa sasa mimi ni mlezi wa kujitolea wa tawi moja hapa Ohio. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ninayoulizwa na wazazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi kabla watoto wao hawajapanda ndege, na wanafunzi wenyewe wakishafika na kualikwa. Jina la fraterniti yangu silitaji, kwa kuwa hapa nasema kwa niaba yangu mwenyewe, si ya makao makuu.

Fraterniti ni kitu gani hasa?

Ni chama cha wanafunzi wa chuo kikuu wanaoitana ndugu. Kina jina la herufi za Kigiriki, kiapo, alama za siri na ada. Cha kwanza kilikuwa Phi Beta Kappa, kilichoanzishwa tarehe 5 Desemba 1776 katika Chuo cha William & Mary huko Williamsburg, Virginia, miezi mitano tu baada ya Wamarekani kutangaza uhuru wao. Hicho baadaye kiligeuka kuwa jumuiya ya wanafunzi waliofaulu sana. Aina tunayoizungumzia hapa, ya vijana wanaokula na kuishi pamoja, ilishika mizizi jimboni New York katika Chuo cha Union kuanzia mwaka 1825, kisha ikasambaa. Hapa Ohio, Chuo Kikuu cha Miami kilichoko mji mdogo wa Oxford (hakihusiani na jiji la Florida) kilizaa Beta Theta Pi mwaka 1839, Phi Delta Theta mwaka 1848 na Sigma Chi mwaka 1855.

Mtu wa kwetu namweleza hivi: chukua rika, ulichanganye na kile chama cha mtaani cha kufa na kuzikana. Ukishavielewa hivyo viwili, yaliyobaki ni herufi.

Kwa hiyo ni kama jando?

Swali hili huulizwa zaidi na wazee, na nalipenda. Yapo yanayofanana. Wapya hutengwa kwa muda, hufundwa mambo wasiyotakiwa kuyasema nje, kila mmoja hukabidhiwa mkubwa wa kumwongoza kama mwari na kungwi wake, na siku ya kutoka huwa ni ya furaha.

Lakini jando lina kitu ambacho fraterniti nyingi hukikosa, nacho ni watu wazima. Kungwi anajulikana na wazazi. Mji mzima unajua wari wako wapi na watatoka lini, na mmoja akiumia yupo wa kuulizwa. Kwenye nyumba ya fraterniti, kijana wa miaka 21 ndiye anayemfunda wa miaka 18, na mtu mzima wa karibu anayehusika nao pengine anaishi mwendo wa saa mbili kwa gari.

Neno langu lote katika ukurasa huu limesimama hapo. Udugu wa chuo hustawi pale waliokwisha kumaliza wanaporudi, bila malipo, kukaa na vijana. Wasiporudi, hubaki nyumba kubwa, vijana wengi na hakuna wa kuwaambia "basi, inatosha". Kila mara mzazi akiniuliza kama fraterniti fulani ni nzuri, namjibu kwa swali: wakubwa wao ni nani, na mara ya mwisho walionekana lini?

Kwa nini Wamarekani Weusi walianzisha za kwao?

Kwa sababu milango ya nyingine ilikuwa imefungwa kwao, na kwa sababu upweke huua masomo.

Katika Chuo Kikuu cha Cornell, mji wa Ithaca jimboni New York, wanafunzi sita Weusi waliosoma mwaka wa masomo wa 1904–1905 hawakurudi mwaka uliofuata. Fikiria maana yake pale ambapo Weusi wote chuoni walikuwa wachache wa kuhesabika. Waliofuata wakaanza kukutana majumbani mwa familia za Weusi mjini, wakisoma pamoja, wakihimizana, wakipeana habari za vyumba na vibarua. Mwaka mzima walibishana: tubaki kikundi cha kusoma, au tuwe fraterniti? Tarehe 4 Desemba 1906 wakaamua, na Alpha Phi Alpha ikazaliwa. Waanzilishi walikuwa saba, nao huitwa Vito: Henry Arthur Callis, Charles Henry Chapman, Eugene Kinckle Jones, George Biddle Kelley, Nathaniel Allison Murray, Robert Harold Ogle na Vertner Woodson Tandy.

Mimi si mwanachama wa Alpha, lakini habari hii huwasomea wapya wa tawi letu kila mwaka, kwa sababu inaonyesha udugu ulianzia wapi: kwenye daftari. Kazi ya kwanza waliyojipa vijana wale ilikuwa kuhakikisha hakuna mwenzao mwingine anayefungasha virago. Hakuna aliyewatuma wala aliyewalipa. Jones baadaye aliongoza kwa miaka mingi National Urban League, jumuiya inayotetea haki na ajira za Wamarekani Weusi. Tandy akawa msanifu majengo Mweusi wa kwanza kusajiliwa katika jimbo la New York. Callis akawa daktari.

Nyingine zikafuata: Kappa Alpha Psi mwaka 1911 katika Chuo Kikuu cha Indiana, Omega Psi Phi mwaka huohuo katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, Phi Beta Sigma mwaka 1914 palepale Howard, na Iota Phi Theta mwaka 1963 huko Baltimore. Kwa msomaji wa Afrika, Phi Beta Sigma ina majina mawili anayoyafahamu: Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana, ambao wote walisoma Marekani kabla ya kuongoza nchi zao.

Tawi linaongozwa na nani?

Vijana wenyewe. Kila mwaka huchagua mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina, msimamizi wa wapya, na siku hizi msimamizi wa usalama. Wanaendesha vikao kwa kanuni, wanaandika kumbukumbu, wanapiga kura, wanatoza faini wanaochelewa. Kijana wa miaka 20 anajikuta akisimamia bajeti ya nyumba ya watu 40, akijadiliana na fundi bomba, na kumwambia rafiki yake wa chumba kimoja kwamba amedaiwa mno na hatapiga kura mpaka alipe. Somo hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Sijaona darasa linalolifundisha.

Juu ya tawi kuna ngazi ya wilaya au kanda. Anayeiongoza ni mwanachama aliyekwisha kumaliza chuo, mtu mwenye kazi yake ya mchana hospitalini, benki au shuleni, ambaye shughuli za udugu huzifanya usiku na mwisho wa juma. Juu yake ipo bodi ya taifa inayochaguliwa kwenye mkutano mkuu, nayo kwa kawaida ni ya kujitolea vilevile. Wanaolipwa ni wachache makao makuu: mtendaji mkuu, wahasibu, na vijana waliohitimu juzi ambao huzungushwa matawini kukagua na kufundisha.

Nyumba nayo ina wenyewe. Mara nyingi inamilikiwa na kampuni isiyotafuta faida iliyoundwa na wahitimu wa tawi. Hao ndio wanaojua paa lilibadilishwa lini, bima inaisha lini, na kama mabomba ya kuzimia moto yanafanya kazi. Hutawaona kwenye picha yoyote ya sherehe.

Fraterniti za Weusi zimepangwa kwa namna tofauti kidogo, na kwa maoni yangu bora zaidi. Nyingi hazina nyumba. Tawi la chuo huwa chini ya uangalizi wa tawi la wahitimu lililo karibu, na tawi hilo la wahitimu lina kazi zake lenyewe mwaka mzima: kufundisha watoto wa shule, kuandikisha wapiga kura, kutoa ufadhili wa masomo. Alpha Phi Alpha ilifungua tawi lake la kwanza la wahitimu mwaka 1911 huko Louisville, Kentucky, miaka mitano tu tangu kuanzishwa. Tena mtu anaweza kuingia akiwa amekwisha kumaliza chuo, mtu mzima na familia yake. Kwa mpangilio huo, udugu haumaliziki siku ya mahafali, kwa sababu kazi yenyewe inaanza hapo.

Mlezi wa tawi anafanya nini?

Anahudhuria, na hiyo ndiyo nusu ya kazi. Jumapili jioni, kikao kikianza, niwe nimekaa nyuma. Sipigi kura. Siongozi kikao. Najibu nikiulizwa.

Nusu nyingine ni kusoma karatasi: kumbukumbu za vikao, hesabu, orodha ya alama za masomo kila mwisho wa muhula. Kijana ambaye alama zake zimeporomoka ghafla huwa ana jambo. Namtafuta tunywe kahawa, na mara nyingi haliwi jambo la darasani. Baba amefukuzwa kazi. Uchumba umevunjika. Mama yu mgonjwa Kisumu na tiketi ni ghali. Siwezi kuyatatua yote, lakini najua ofisi gani ya chuo ina mfuko wa dharura na nani wa kumpigia.

Nieleze kisa kimoja. Katika mwaka wangu wa pili wa ulezi, mweka hazina wetu, kijana mpole na mwenye akili, alikuwa akipokea ada kupitia simu yake mwenyewe kwa kuwa ilikuwa rahisi. Hakuwa mwizi. Lakini fedha za tawi zilichanganyika na zake za chakula, na bima ilipodaiwa hakuweza kusema zimebaki ngapi. Wenzake walitaka wamwondoe usiku uleule kwa kura. Nikaomba siku tatu. Tukakaa mezani jikoni usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, risiti baada ya risiti, mpaka pengo likajulikana. Halikuwa kubwa. Alisimama mbele ya wenzake akalisema mwenyewe kwa tarakimu, akalilipa kwa kibarua cha kiangazi. Lawama ilikuwa yangu pia: tangu Septemba sikuwa nimeomba kuona hesabu hata mara moja. Kuanzia hapo kila malipo yana sahihi mbili, na taarifa ya benki husomwa kikaoni kila mwezi. Kijana yule siku hizi ana kazi yake na mtoto mmoja, na ndiye anayekagua hesabu za kampuni ya nyumba yetu, bure.

Kama angefukuzwa usiku ule, tungekuwa tumepata adhabu na kupoteza ndugu.

Mlezi analipwa?

Hapana. Wengine hurudishiwa mafuta ya gari. Wengi wetu tunalipa ada ya mwaka kama wanachama wengine ndipo turuhusiwe kufanya kazi hiyo, na tunakaguliwa rekodi zetu za polisi kabla ya kupewa.

Wanasema ni udugu wa maisha. Ni kweli au ni maneno ya kuvutia wapya?

Kwa wengine ni maneno. Nisiseme uongo: wapo waliolia siku ya kiapo ambao mwaka mmoja baada ya mahafali hawapokei hata simu. Kwa wengine ni kweli kabisa, na tofauti yao sijaiona kwenye ukubwa wa mapenzi. Naiona kwenye kazi. Waliopewa la kufanya pamoja baada ya chuo ndio wanaobaki ndugu.

Mfano mkubwa uko Washington kwenye ukingo wa ziwa la Tidal Basin. Martin Luther King aliingia Alpha Phi Alpha mwaka 1952 akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huko Boston. Aliuawa mwaka 1968. Mwaka 1984 wanachama wa udugu wake wakatoa wazo la kumjengea kumbukumbu katika mji mkuu. Bunge la Marekani liliidhinisha mwaka 1996. Kisha zikaja kutafuta kiwanja, kuchagua mchoro, kuchangisha fedha, mikutano isiyo na idadi. Kumbukumbu ilizinduliwa rasmi tarehe 16 Oktoba 2011. Miaka 27. Aliyetoa wazo akiwa na miaka 40 alikuwa anakaribia 70. Kati ya waliobeba jambo hilo wapo waliofariki njiani, wakalikabidhi kwa wadogo zao, na wadogo wakalifikisha. Hilo ndilo ninalolielewa kwa neno ndugu.

Na kifo chenyewe kina mahali pake. Alpha Phi Alpha huyapa matawi yake herufi za Kigiriki kwa mpangilio, lakini herufi ya mwisho, Omega, hakuna tawi lolote la walio hai lililopewa. Ndugu akifariki husemwa ameingia Tawi la Omega. Fraterniti nyingine za Weusi nazo zina ibada yao ya mazishi. Wanachama huja, hata wale ambao hawakumjua marehemu, huzunguka jeneza, hufanya ibada yao mbele ya familia. Daktari Callis, mmoja wa wale saba wa Ithaca, aliishi mpaka mwaka 1974. Waliokuja kumzika walikuwa ndugu ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa siku alipokula kiapo, au walikuwa watoto wadogo.

Sisi tunaolelewa tukijua kwamba asiyezika watu hazikwi hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili.

Nimesikia wanafunzi hufa wakiingizwa. Ni kweli?

Ni kweli, na mzazi yeyote anayeuliza hili anauliza la haki.

Kwetu tunayajua mateso ya wageni: njuka wa shule za bweni za Tanzania, mono wa Kenya, kufulishwa nguo na kuamshwa usiku. Kwenye fraterniti mateso hayo huongezwa pombe, na pombe ndiyo inayoua. Februari 2017 kijana wa miaka 19 wa Chuo Kikuu cha Penn State alinyweshwa pombe nyingi kwa haraka usiku wa kupokewa, akaanguka kwenye ngazi, na wenzake wakakaa naye kwa muda wa karibu saa 12 kabla ya kupiga simu ya msaada. Alifariki. Nyumba ile ilikuwa na kanuni zilizoandikwa na kamera ukutani. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kupiga simu.

Fraterniti za Weusi zilikuwa na mateso ya aina yake, ya kipigo hasa, na mwaka 1990 mabaraza yao yalipiga marufuku mtindo mzima wa zamani wa kuwaandaa wapya. Marufuku hayakumaliza tatizo, lilijificha. Jimbo la Pennsylvania liliongeza makali ya sheria mwaka 2018. Desemba 2024 ilisainiwa sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo kuhesabu matukio hayo katika taarifa zao za usalama na kutangaza hadharani majina ya vyama vilivyopatikana na makosa. Kwa mzazi hii ni zawadi. Kabla mtoto hajakubali mwaliko, ingia kwenye tovuti ya chuo, tafuta taarifa hiyo, soma jina la tawi.

Mwambie mtoto mambo haya kwa Kiswahili, ili yakae. Kiapo cha siri hakimzuii mtu kupiga 911, namba ya dharura ya Marekani. Akiambiwa "usimwambie mtu yeyote, hata mama yako", aondoke usiku huohuo. Akinyimwa usingizi, simu au chakula, aondoke. Mwenzake akizimika kwa pombe, asimlaze chumbani eti apumzike; apige simu na amgeuze ubavu. Majimbo mengi yana sheria za kumkinga anayeita msaada, hata kama naye alikunywa.

Wanaotesa wana hoja moja tu: sisi pia tulipitia. Nimewahi kuisikia kwa mhitimu wa miaka 50, mtu ninayemheshimu. Nilimwuliza ni lipi kati ya yale aliyofanyiwa lilimfanya aendelee kumpenda mwenzake. Alinyamaza, kisha akataja safari ya gari ya saa 9 waliyoiendesha kwa zamu kwenda kumzika mama wa mmoja wao. Kumbe hilo halikuwa mateso, na halikufanywa wakati wa kuingizwa.

Mimi ni Mwislamu na sinywi. Nitapata nafasi?

Utapata, lakini chagua kwa makini. Phi Delta Theta ilipiga marufuku pombe kwenye nyumba zake kuanzia mwaka 2000, na mwaka 2018 muungano wa fraterniti za Amerika Kaskazini ulipitisha azimio la kuondoa pombe kali kwenye nyumba za wanachama wake kufikia Septemba 2019. Mwaka 2013, katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas, wanafunzi Waislamu walianzisha fraterniti yao, Alpha Lambda Mu. Aliyepita madrasa atazitambua herufi hizo mara moja: Alif Lam Mim.

Fraterniti kadhaa kongwe zina sala za Kikristo ndani ya ibada zao. Uliza mapema kama unaweza kuapa kwa kitabu chako. Watakaokukasirikia kwa swali hilo si ndugu zako. Kwenye tawi letu, mwaka tulipokuwa na vijana wawili waliofunga, kikao cha Jumapili kilisogezwa baada ya futari, na nusu ya tawi ikawa inakuja mapema kula tende.

Na binti yangu?

Kiswahili hapa kimewashinda Wagiriki: ndugu ni wa kiume na ni wa kike. Wao wameligawa, na vyama vya wanawake huitwa sororiti. Kati ya vile vya Weusi, Alpha Kappa Alpha ilianza mwaka 1908, Delta Sigma Theta mwaka 1913 na Zeta Phi Beta mwaka 1920, vyote Howard. Sigma Gamma Rho ilianza Indianapolis mwaka 1922. Ukijumlisha na vitano vya wanaume unapata vile tisa vinavyokutana katika baraza moja lililoundwa mwaka 1930.

Wanawake hawa hawakuchelewa kufanya kazi. Delta Sigma Theta ilikuwa na wiki chache tu ilipoandamana Washington tarehe 3 Machi 1913 kudai kura ya wanawake. Baadaye walivuka bahari: walichangia ujenzi wa wodi ya wazazi katika hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick huko Thika, Kenya. Huenda msomaji wa Kiambu ana ndugu aliyezaliwa pale.

Asiyetaka utengano wa jinsia aitazame Alpha Phi Omega. Ilianzishwa mwaka 1925 katika Chuo cha Lafayette, Pennsylvania, kwa ajili ya huduma kwa jamii, na tangu mwaka 1976 inapokea wanawake pia.

Ni gharama kiasi gani?

Kuanzia mamia ya dola kwa muhula, na ukiweka chumba na chakula ni maelfu. Omba mchanganuo kwa maandishi kabla ya kukubali mwaliko, na uulize kuhusu malipo ya awamu. Mwenye viza ya mwanafunzi asikubali kazi za nyumbani humo kwa malipo au kwa chakula cha bure kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Viza haichezewi.

Itamsaidia kupata kazi?

Mara nyingine. Anayeingia kwa sababu hiyo pekee hujulikana mapema, na huchoka mapema.

Je, ni kitu kimoja na zile konfraterniti za Nigeria?

Hapana, ingawa majina yanakaribiana. Ile ya kwanza, Pyrates, ilianzishwa Ibadan mwaka 1952 na Wole Soyinka na wenzake sita kupinga majivuno ya kitabaka. Makundi yaliyozuka baadaye ndiyo yaliyoleta vurugu na damu vyuoni. Wazazi huogopa kwa sababu hiyo na siwalaumu. Historia ile inaonyesha chama cha siri kinavyoweza kugeuka mikononi mwa waliokuja nyuma, pale waanzilishi wakiwa hawapo tena chuoni.

Nilimaliza chuo zamani, nikaacha kulipa ada. Naona haya kurudi. Nifanyeje?

Barua za namna hii hunifikia kuliko watu wanavyodhani, kutoka Houston, Minneapolis, Toronto, hata kwa waliorudi nyumbani Arusha. Mtu ameoa, ameachana, amehama mara nne, na kila mwaka uliopita umeifanya simu kuwa nzito zaidi.

Andika kwa makao makuu, eleza tawi lako na mwaka ulioapa. Jina lako lipo kitabuni. Kwa kawaida utalipa ada ya mwaka huu, hawatakudai ya miaka yote iliyopita. Kisha tafuta tawi la wahitimu lililo karibu. Kama uko mbali na matawi yote, mwandikie mlezi wa tawi lako la zamani moja kwa moja na umwambie unachokijua kufanya: hesabu, umeme, sheria, kupika. Kikao chetu ni Jumapili saa 12 jioni, na kiti cha nyuma karibu na mlango huwa wazi. Mwezi huu tunamtafuta mtu wa kukaa na vijana watatu wa mwaka wa kwanza wanaoanguka hisabati.

Ukifika, hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Watakuuliza uliapa mwaka gani, kisha watakupa kalamu.